Sauti Iliyoita Migombani

Alhamisi. Mvua imeanza kabla jogoo hajawika, na sasa ni saa tisa mchana haijakata. Kakao yangu imelala chini ya turubai siku ya nne, inaanza kunuka.

Mlikuwa wapi nyie? Mwezi mzima hakuna aliyepita hapa hata kusema "ugonile, Bibi." Nilikuwa nimenyamaza, sikuweka hadithi, basi nanyi mkaondoka zenu. Watu gani hao wanaomtembelea mtu siku akiwa na chungu jikoni tu? Chungu kikiinjikwa mnajaa uani, kikiteremshwa nabaki na kuku. Mngekuwa wanangu ningewachapa.

Haya, kaeni. Lakini leo sina la kuchekesha.

Kwa wageni niseme tena: mimi sikusoma, hata darasa moja. Ninasema na simu inaandika, nikimaliza naiambia inisomee, nikisikia imeandika upuuzi nafuta naanza upya. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Atupele, mwalimu wa Kiswahili huko Mbeya. Kila nilichosema alikuwa akikipitia kwanza, ananyoosha yaliyopinda, ndipo nyie mnakiona. Hiki cha leo hajakipitia. Mkikuta neno limekaa vibaya, lirukeni.

Hajakipitia kwa sababu nilimfukuza.

Asubuhi amenipigia Tumpe, binti yangu, mama yake Atupele. Hata hakunisalimia vizuri.

"Mama, mtoto amefuta."

"Amefuta nini?"

"Hadithi zake zote. Zile za kutisha. Amefuta na ukurasa wenyewe, anasema haandiki tena maishani mwake. Ulimwambia nini, Mama?"

Nikamwambia mvua inapiga bati, simsikii. Nikakata simu.

Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Atupele hana mume bado, hana mtoto, na kazi ya ualimu anaifanya kwa sababu ni kazi. Kilichokuwa chake yeye mwenyewe ni zile hadithi. Alianza akiwa na miaka tisa, hapa uani kwangu Ngana, anawatisha watoto wa jirani mpaka mama zao wanakuja kunigombeza mimi. Sasa hazipo. Na mkono uliozifuta ni wake, lakini aliyeusukuma ni mimi.

Ilianza mwezi wa kumi na mbili, alipokuja likizo. Tulikuwa tunamenya ndizi za mbalaga, akanitolea swali. Wanafunzi wake walimuuliza hadithi ya kutisha ni nini hasa. Amesoma vitabu, amewapa majibu, lakini majibu yenyewe hayamridhishi.

"Ni ile inayokufanya ushindwe kwenda chooni," nikasema.

Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Bibi, siwezi kuandika hiyo ubaoni."

"Iandike. Wataielewa kuliko hayo mengine."

Kisha tukazungumza sawasawa. Mimi napenda mtu anayeniuliza vitu, hasa huyu. Alisema vitabu vinasema kuna jitu, kuna giza, kuna damu. Nikamkatalia. Damu mimi nimeiona tangu msichana. Nimezalisha wanawake, nimechinja, nimeosha majeraha. Ukiona damu unatafuta kitambaa, hukai kuogopa. Na jitu nalo likishajitokeza hofu inapungua, msikilizaji anaanza kulitazama meno na mkia. Kule Mwaya nilikozaliwa shangazi yetu alikuwa na hadithi ya jitu lililomeza kijiji na ng'ombe wake, na sisi tulikuwa tunaangua kicheko.

Kinachotisha, nikamwambia, ni kile unachokijua kikifanya kisichokuwa chake. Mama yako yuko jikoni anapika. Anageuka, uso ni wake, nguo ni zake, anakuita kwa jina la dada yako aliyekufa. Hapo hakuna meno wala kucha, lakini wewe utakimbia.

Akaandika.

Nikamwambia tena: anayesikiliza ajue kabla ya yule wa kwenye hadithi. Awe anataka kupiga kelele, usiende wewe, geuka, rudi! Na huyo msikilizaji awe yuko mahali pema, ana uji wake, mlango umefungwa. Mtu aliye mdomoni mwa mamba hasikilizi hadithi. Hofu ya hadithi ni ya kuazima, ikiisha unairudisha kwa mwenyewe unakwenda kulala.

Atupele alinitazama kama nimempa mchele wa mwaka mzima. "Bibi, wewe ungekuwa profesa."

"Ningekuwa profesa hizi ndizi angemenya nani?"

Ndipo akauliza: "Na wewe, kitu gani kimewahi kukutisha?"

Hapo ningefunga mdomo wangu.

Vijana hamjui tulivyoolewa, kwa hiyo nieleze. Zamani mke hamwoni baba mkwe. Sisemi hamsalimii, nasema hamwoni. Ukisikia hatua zake unaacha njia, unajifunika kitenge, unachuchumaa mpaka apite. Jina lake hulitamki, na mimi hadi leo silitamki, mume wangu mwenyewe yuko kaburini. Tunaita ukutila. Na yeye vilevile ana masharti yake: hakuiti, hakutumi, hasemi na wewe. Wako waliokuwa wameshaacha wakati ule, wale wa kanisani sana. Nyumba niliyoolewa mimi ilikuwa haijaacha.

Nilimweleza Atupele kwamba siku moja, nikiwa na mwaka na kitu katika ndoa, nilikwenda mtoni kufua. Niliporudi nilimkuta baba mkwe amelala migombani. Alikuwa anakata mikungu, akateleza kwenye tope, panga likamwingia pajani. Alikuwa ameshakufa. Nikamwambia kilichonitisha si maiti. Kilichonitisha ni kwamba ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake. Alikuwa amefanana na mume wangu kabisa.

Atupele alilia. Akanishika mkono, mikono yetu yote ina utomvu wa ndizi. Akaniuliza kama anaweza kuitengeneza iwe hadithi. Nikasema chukua.

Aliichukua. Mwezi wa tatu, Jumapili baada ya ibada, tulikwenda wanawake kwa Mama Sekela jirani yangu kunywa chai. Mama Sekela ndiye msomaji wetu, ana miwani na ana sauti ya kuhubiri. Akasema leo nawasomea ya mjukuu wa Bibi wa Ngana, imepita kwenye simu za watu mpaka Dar. Mimi nikavimba kichwa. Nikavuta kiti mbele.

Hadithi yenyewe ilikuwa uani kwangu. Migomba yangu, mfereji wangu, hata kinu kilichopasuka mdomo alikiweka. Mwali yuko peke yake nyumbani. Anasikia sauti ya baba mkwe kutoka migombani.

"Mwanangu, njoo."

Mama Sekela aliisema polepole, kwa sauti ya mzee.

Mwali anainuka aende. Kisha anakumbuka kwamba baba mkwe hamwiti mke wa mwanawe, hajawahi, ni mwiko wake na yeye. Basi anayeita ni nani? Anajifunika kitenge anakaa chini. Sauti inasogea. Inabembeleza, inalia, inaomba maji. Mwali hajibu. Chini ya pindo la kitenge anaona miguu imesimama mbele yake, visigino ndivyo vimemwelekea. Anabana pumzi. Miguu inaondoka. Jioni watu wanamkuta mzee upande wa pili wa shamba, amekufa tangu alfajiri, hana ulimi. Lile lililokuwa linaita lilikuwa limebeba sauti yake.

Wanawake walikuwa wameshikana. Mmoja alikuwa anapiga mguu chini anasema, "Usiende wewe mwanamke! Usiende! Ukienda nakupiga mimi mwenyewe!" Ilipokwisha wakapiga makofi. "Huyo mwali ana akili!" "Mwingine angeinuka, angekwisha!" Mama Sekela akanigeukia, "Ndaga fijo, Bibi, kwa kutuzalia huyu mtoto."

Chai ilikuwa imemwagika mapajani kwangu, ya moto, na sikuisikia.

Nilimpigia Atupele njiani, nimesimama kwenye matope. Sikumsalimia.

"Nani alikwambia kwamba aliita?"

"Nani, Bibi?"

"Mzee! Nani alikwambia aliita?"

"Hakuna. Nilitunga tu."

Ningenyamaza hapo pia. Lakini mimi nikishikwa ninauma. Nikamwambia amemgeuza mzee wa watu jini. Nikamwambia amekula nyama ya maiti akajifutia mdomo kwenye simu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni hadithi tu, kwamba utanzu wenyewe ndivyo unavyotaka, na mambo mengine nilimfundisha mwenyewe. Nikasema basi aandike ya kwao, yangu ayaache.

"Kwetu ni wapi, Bibi, kama si kwako?"

Nikasema asije kwangu na kalamu yake. Nikakata.

Kuanzia siku hiyo hajanipigia, na mimi sikumpigia. Kumbe huko aliko alikuwa anafuta moja baada ya nyingine.

Sasa niwaambieni ukweli, maana mwili umechoka kuubeba.

Sikuwa mtoni.

Nilikuwa uani, natwanga. Mume wangu alikuwa shamba la mpunga, mama mkwe amekwenda sokoni na kitoto chake cha mwisho mgongoni. Nikasikia mzee anafyeka migombani, nikaacha mtwangio, nikajifunika nikakaa nyuma ya lundo la majani, kama ilivyotakiwa. Nikasikia kishindo. Kisha akaita.

"Mwanangu. Mwanangu, njoo, nimejikata."

Alivunja mwiko wake yeye, mzee mwenye heshima zake. Aliuvunja kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Na mimi nilikaa.

Nimejiuliza miaka yote nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliwaza ananijaribu. Niliwaza nikienda nikamkuta amechubuka tu, nitakuwa nimemwona, nitasemwa mpaka kwetu Mwaya. Niliwaza asingeita kama angekuwa anaumia kweli. Unaona mtu anavyoweza kufikiri kinyume? Aliniita tena na tena. Akaomba maji. Baadaye akaacha kuniita mimi, akawa anamwita mkewe, na mkewe alikuwa sokoni. Kisha akanyamaza.

Aliponyamaza ndipo nikainuka.

Nikaenda nikamwona. Nikarudi uani, nikachukua nguo zilizokuwa beseni, kavu, nikazimwagia maji ya mtungi zionekane zimetoka mtoni. Ndipo nikapiga yowe.

Ndivyo nilivyofanya. Hata kabla ya yowe nilikumbuka nguo.

Msibani mama mkwe alinisifu mbele ya watu. Alisema huyu mtoto ana adabu, walimkuta bado amejifunika kichwa.

Atupele hakujua lolote katika haya. Nilimpa hadithi yenye tundu katikati, na yeye kama fundi akaliona tundu, akaliziba kwa jini. Si kosa lake. Nadhani majini mengi ya hadithi yamezaliwa hivyo, mtu mzima amekataa kusema, mtoto akatunga. Alisema mzee hakuwa mzee. Alimkalisha mwali chini ya kitenge, akampa sababu ya kukaa, na watu wote wakampigia makofi. Mjukuu wangu alikuwa amenisamehe bila kujua kosa, na mimi nikamtukana.

Nimewaza sana tofauti ya hadithi yake na yangu. Kwenye ya kwake wanawake walipiga kelele, usiende! Ningewasimulia ya kwangu wangepiga kelele, nenda! Nenda wewe, mtu anakufa! Na mwali haendi. Hadithi ya kutisha inamwacha mwali azae, azeeke, awe na wajukuu, na wewe unafurahi. Yangu nayo ilimwacha azae, azeeke, awe na wajukuu. Sijui nyie mnaisikiaje. Mimi uji haupiti kooni.

Hii ya kwangu sijui inaitwaje kwenye vitabu. Ya kutisha siyo. Ya kutisha ina mlango wa kutokea.

Sikutaka kuisema hapa kabla ya kumwambia mtoto wa yule mzee. Kile kitoto kilichokuwa mgongoni sokoni ni shemeji yangu, bado yu hai, nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Nilimlea mimi, alikuwa ananiita mama mpaka akaota ndevu. Nilikwenda baada ya simu ya Tumpe, na mvua yote hii. Nilimkuta barazani anasuka mkeka wa kuanikia mpunga. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema.

Hakuacha kusuka mpaka nilipofika kwenye nguo. Hapo akaacha.

"Aliomba maji?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na mtungi ulikuwa na maji."

Nikasema ndiyo.

Aliingia ndani. Hakubamiza mlango, aliurudisha taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nilisimama pale kwenye mvua. Nilimpikia uji yule, nilimfunga kitambaa alipotahiriwa. Nilisubiri, sikuita. Nikarudi nyumbani.

Huenda kesho atafungua. Huenda hatafungua tena mpaka wanizike, na hiyo ni haki yake, sitamgombeza. Wewe Tumpe, ukisoma hii usinipigie leo. Na nyie wengine, pole zenu kaeni nazo. Mkija tena njooni na mdomo wa kusalimia, mkae, msiwe na haraka, nitawapa kitu cha kucheka Mungu akipenda.

Atupele. Najua wewe utaisoma, maana hukuweza kamwe kuacha neno langu bila kulinyoosha. Usilinyooshe hili. Hii ya leo ni yangu mimi, si ya kwako kuandika, iache ilivyo. Ya kwako ni ile, ya mwali na miguu iliyogeuka, na ilikuwa nzuri. Nilitetemeka. Nilitaka kukwambia siku ile ile kwamba ilikuwa nzuri, nikakwambia maneno yale.

Basi ukija, njoo na hizo ulizofuta, hata kama zimebaki kichwani tu. Utaoga, utakula, kisha utakaa hapa mbele yangu unisomee, uanze na ile. Soma taratibu. Na ukifika pale anapoita, usiruke.